Nani Aliyehesabiwa? Historia ya Utafiti wa Vibadala vya Jeni na Hatari ya Saratani ya Tezi Dume, kutoka London hadi Kampala

Ikisiri

Makala hii inafuatilia jinsi maarifa kuhusu mchango wa vibadala vya jeni katika saratani ya tezi dume yalivyojengwa tangu katikati ya karne ya 19. Hoja yake ni kwamba maarifa hayo yamefuata daftari: yalikua pale ambapo wagonjwa, jamaa zao na vifo vyao viliandikwa, na yalidumaa pale ambapo havikuandikwa. Kwa sababu hiyo, kibadala chenye uzito mkubwa kuliko vyote vinavyojulikana kwa wanaume wengi wa Uganda kilianza kutafutwa miongoni mwa Wamarekani Weusi, na alama za hatari zinazotumika leo zimejengwa kwa sehemu kubwa kwa damu ya watu wa Ulaya. Makala inaegemea Uganda, ambako ndiko kwenye kumbukumbu ndefu zaidi katika ukanda wetu.

1. Utangulizi

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikadiria kwamba mwaka 2022 wanaume wapatao milioni 1.47 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume, na wapatao 397,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Mwaka 2024 tume iliyoundwa na jarida la The Lancet ilitabiri kwamba wagonjwa wapya watafikia milioni 2.9 kwa mwaka ifikapo 2040, na kwamba ongezeko litakuwa kali zaidi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Katika mazingira hayo, kipimo cha mate kinachojumlisha mamia ya vibadala vya jeni na kumpa mwanamume alama moja ya hatari yake kina mvuto unaoeleweka. Kinaonekana kuwa chepesi kuliko kumpeleka kila mwanamume wa miaka hamsini kwa daktari bingwa ambaye wilaya yake haina. Mshauri wa sera mjini Kampala, Kigali, Bujumbura au Nairobi anayeulizwa iwapo kipimo hicho kinafaa kwa watu wake anaulizwa, kwa hakika, swali la historia: alama hiyo ilitoka wapi, na ilijengwa kwa miili ya nani?

Yafaa kusema neno kuhusu istilahi kabla ya kuendelea, kwani ndani yake mna zaidi ya suala la tafsiri. Natumia neno kibadala kwa mahali popote katika DNA ambapo watu hutofautiana, hata kama ni kwa herufi moja tu. Baadhi ya maandishi ya afya kwa Kiswahili hutumia kasoro. Neno hilo linapotosha, kwa kuwa vibadala vingi vinavyohusishwa na saratani hii hubebwa na mamilioni ya watu ambao hawataugua kamwe, na kumwambia mtu kwamba ana kasoro ni kumhukumu kabla ya kesi. Hatari nayo ina matatizo yake. Katika mazungumzo ya kawaida hatari ni jambo lililo mlangoni, kama nyoka au moto. Katika takwimu ni uwezekano unaolinganishwa na wa watu wengine. Mgonjwa anayeambiwa kuwa hatari yake ni mara tatu hurudi nyumbani na maana ya kwanza. Katika makala hii nakusudia ya pili.

2. Ugonjwa uliosemekana kuwa nadra

Mwaka 1853 daktari wa upasuaji J. Adams wa Hospitali ya London alieleza saratani ya tezi dume baada ya kuithibitisha kwa hadubini, akauita ugonjwa nadra sana. Hakuwa na sababu ya kufikiri vinginevyo. Wanaume wengi wa zama zake walikufa kabla ya umri ambao saratani hii hujitokeza, na waliofika uzeeni wakashindwa kupata mkojo walihesabiwa kuwa wazee tu. Unadra huo ulikuwa wa macho ya daktari kuliko wa mwili wa mgonjwa.

Kauli kama hiyo ilisafiri hadi Afrika pamoja na hospitali za kikoloni, safari hii ikiwa na rangi: ilidaiwa kwamba Mwafrika hapati saratani, au huipata mara chache mno. Kampala ni mojawapo ya sehemu chache ambako dai hilo liliweza kupimwa kwa karatasi. Albert Cook alianzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, na kumbukumbu za wagonjwa wake zilitunzwa kwa uangalifu usio wa kawaida. Mpatholojia J. N. P. Davies wa Makerere na wenzake walizifukua na mwaka 1964 wakachapisha katika British Medical Journal uchambuzi wa saratani katika kumbukumbu hizo kuanzia 1897 hadi 1956. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Davies alikuwa amekwisha anzisha Daftari la Saratani la Kampala, lililohesabu wagonjwa wa kaunti ya Kyadondo. Saratani ilikuwapo. Kilichokuwa kimekosekana ni mtu wa kuihesabu.

Daftari hilo lilikatika katika machafuko ya miaka ya 1970 na 1980, likafufuliwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Henry Wabinga na wenzake walipolinganisha takwimu za miaka ya 1960 na zile za hadi 1997, walikuta kwamba saratani ya tezi dume ilikuwa imeongezeka waziwazi katika Kyadondo. Na uchambuzi wa baadaye wa miaka ya 1991 hadi 2010 ulionesha ikipanda kwa takriban asilimia 5 kila mwaka. Msomaji wa sera na aishike takwimu hii vizuri, kwani itahitajika mbele. Jeni za watu wa Kyadondo hazikubadilika katika miaka arobaini. Muda huo haufiki hata vizazi viwili. Kilichobadilika ni umri wa kuishi, mazoea ya kwenda hospitali, uwezo wa maabara kutambua ugonjwa na pengine mwenendo wa maisha. Anayetaka kueleza mzigo wote wa ugonjwa huu kwa urithi lazima kwanza apite kwenye mstari huo wa grafu.

Kumbukumbu za majirani ni changa zaidi au zilikatizwa kwa ukatili zaidi. Daftari la Butare nchini Rwanda lilianza mwaka 1991 na likakoma mwaka 1994, na hakuna haja ya kueleza sababu. Madaftari ya Eldoret na Nairobi ni ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kuna maeneo mengi ya ukanda wetu, mashariki mwa Kongo mojawapo, ambako wanaume waliokufa kwa maumivu ya mifupa na kuziba kwa mkojo hawajawahi kuingia katika safu yoyote ya takwimu.

3. Koo, pacha na msako wa jeni moja

Mwaka 1941 Charles Huggins alionesha mjini Chicago kwamba saratani hii hunyauka homoni za kiume zinapoondolewa, ugunduzi uliompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Kwa miongo kadhaa homoni ndizo zilizotawala mawazo ya watafiti. Urithi uliingia kwa mlango wa pembeni, kupitia watu waliokuwa na desturi ya kuandika nasaba. Huko Utah, ambako Wamormoni hutunza vizazi vyao kwa sababu za kidini, C. M. Woolf alionesha mwaka 1960 kwamba vifo vya saratani ya tezi dume vilikuwa takriban mara tatu miongoni mwa jamaa wa waliokufa kwa ugonjwa huo. Daftari la imani likawa daftari la sayansi.

Utafiti uliobadilisha mazoea ya kliniki ulitoka Johns Hopkins, Baltimore, mwaka 1990. Gary Steinberg na wenzake waliwauliza wagonjwa 691 na wanaume 640 wa kulinganisha kuhusu jamaa zao. Asilimia 15 ya wagonjwa walikuwa na baba au ndugu wa kiume aliyeugua, ilhali kwa kundi la pili ilikuwa asilimia 8. Swali lilikuwa jepesi mno: baba yako, ndugu yako? Nitalirudia, maana kwa Kiswahili si jepesi hata kidogo.

Lakini familia hurithishana pia chakula, kazi na mji. Kutenganisha damu na meza, watafiti waliwatumia pacha. Nchi za Skandinavia na Ufini zina madaftari ya pacha na madaftari ya saratani, na kuyaunganisha ni kazi ya namba ya utambulisho tu. Mwaka 2000 Paul Lichtenstein na wenzake walichambua jozi 44,788 za pacha wa Sweden, Denmark na Ufini, wakakadiria kwamba asilimia 42 ya tofauti ya watu katika kupata saratani ya tezi dume inatokana na urithi. Uchambuzi mpana zaidi wa mwaka 2016 uliipandisha hadi asilimia 57, kiwango kikubwa kuliko cha saratani nyingi za kawaida. Namba hizi hunukuliwa mara kwa mara kana kwamba ni tabia ya ugonjwa wenyewe. Ni tabia ya ugonjwa katika jamii fulani, ambamo kila mtu ana hospitali na lishe zake hazipishani sana. Mazingira yanapofanana, urithi huonekana mkubwa. Katika nchi ambamo mmoja hupimwa na mwenziwe hupimwa na mauti, namba hiyo haiwezi kuhamishwa tu.

Baada ya kuthibitisha urithi, ilionekana kuwa hatua inayofuata ni kuikamata jeni yenyewe, kama ilivyofanyika kwa BRCA1 na BRCA2 katika saratani ya matiti. Mwaka 1996 ilitangazwa katika jarida la Science kwamba mkono mrefu wa kromosomu ya 1 una mahali panapohusishwa na saratani ya tezi dume ya kurithi. Zilifuata RNASEL, ELAC2 na nyingine, na kila moja ilipopelekwa kwa familia nyingine matokeo yalififia. Miaka kumi ilipita kwa matangazo na makanusho. Ni mwaka 2012 tu ambapo kibadala adimu lakini chenye nguvu, G84E katika jeni HOXB13, kilipatikana kwa uhakika: kilikuwamo katika asilimia 1.4 ya wagonjwa na asilimia 0.1 ya wanaume wasio na ugonjwa. Wabebaji wake wengi ni wa nasaba ya Ulaya ya Kaskazini. Kwa daktari wa Mulago au Kigali, jeni iliyosakwa kwa muda mrefu kiasi hicho haikuwa na kibadala cha kumtafutia mgonjwa wake.

4. Jangwa la kromosomu ya 8

Mwaka 2006 pande mbili zisizofanana zilikutana mahali pamoja. Upande wa kwanza ulikuwa Iceland, ambako kampuni ya deCODE ilitumia nasaba za taifa zima na kuufikia mkono mrefu wa kromosomu ya 8, katika eneo la 8q24. Upande wa pili ulikuwa Marekani. Matthew Freedman, Christopher Haiman, David Reich na wenzao waliwachunguza wanaume Weusi 1,597 wenye saratani hii kwa mbinu iliyotegemea jambo chungu katika historia: Wamarekani Weusi wengi hubeba vipande vya DNA vya asili ya Afrika na vingine vya asili ya Ulaya, matokeo ya utumwa na ya mahusiano ambayo mara nyingi hayakuwa ya hiari. Ikiwa mahali fulani kwenye kromosomu wagonjwa wanabeba vipande vya asili ya Afrika kuliko inavyotarajiwa, basi mahali hapo pana jambo. Mahali hapo palikuwa 8q24.

Ugunduzi huo uliwashangaza watafiti kwa sababu eneo lenyewe ni tupu. Halina jeni inayotengeneza protini, na katika lugha ya fani huitwa jangwa. Jirani yake ni MYC, jeni inayochochea seli kugawanyika, na sasa inafahamika kwamba ndani ya jangwa hilo mna swichi zinazoziamrisha jeni za mbali. Msako wa miaka ya 1990 ulitafuta jeni iliyoharibika, na kilichokuwapo ni marekebisho madogo katika swichi nyingi.

Kuanzia hapo kazi ilienda kwa kasi kubwa. Vipimo vya mamia ya maelfu ya vibadala kwa mara moja vilizaa vibadala kumi, kisha arobaini, kisha mia. Mwaka 2021 David Conti na wenzake walichapisha orodha ya vibadala 269, kutokana na wagonjwa 107,247 na wanaume 127,006 wasio na ugonjwa. Mwaka 2023 orodha ikafika 451. Ni kazi kubwa, na sioni sababu ya kuidogosha. Hata hivyo, katika utafiti wa 2021 wagonjwa wa asili ya Kiafrika walikuwa 10,368, chini kidogo ya mmoja kati ya kumi, nao wengi ni Wamarekani. Hii si dosari ya utafiti mmoja. Alice Popejoy na Stephanie Fullerton walihesabu mwaka 2016 kwamba takriban asilimia 81 ya washiriki wote wa tafiti za aina hii duniani, kwa magonjwa yote, walikuwa wa asili ya Ulaya, na asilimia 3 hivi tu wa asili ya Kiafrika.

5. Kampala yaingia katika orodha

Uganda iliingia katika hadithi hii kwa utafiti uliowakusanya wanaume 571 wenye saratani na 485 wasio nayo, na kuchapishwa mwaka 2018. Ni sampuli ndogo kwa vigezo vya Ulaya, lakini matokeo yake yalikuwa makubwa. Kati ya vibadala vyote vilivyopimwa, kilichong'ara kilikuwa rs72725854, ndani ya jangwa lile lile la 8q24. Kila nakala ya kibadala hicho iliambatana na uwezekano wa ugonjwa zaidi ya mara tatu. Kwa kulinganisha, vibadala vingi vya kawaida katika orodha ya kimataifa huongeza uwezekano kwa asilimia tano, kumi au ishirini. Na kibadala hiki hakipo kabisa, au karibu hakipo, kwa watu wasio na asili ya Kiafrika. Tafiti za Ulaya zingeweza kuongeza washiriki hadi milioni kumi na bado zisikione.

Uchambuzi wa mwaka 2020 uliokusanya maelfu ya wanaume wa asili ya Kiafrika ulifafanua uzito wake. Kibadala hicho kilibebwa na asilimia 12 ya wanaume wasio na ugonjwa, asilimia 23 ya wagonjwa wasio na historia ya ugonjwa katika familia, na asilimia 32 ya wagonjwa waliotoka katika familia zenye hatari kubwa. Wabebaji waliugua mapema zaidi na kwa ukali zaidi. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na maelezo ya kijeni kwa kile ambacho wazee wetu walikijua kwa macho, kwamba kuna nyumba ambamo baba, ba'mdogo na kaka hufuatana kwa ugonjwa mmoja.

Waganda walishiriki pia katika utafiti wa jeni zinazorekebisha DNA, uliochapishwa mwaka 2020 pamoja na Wamarekani Weusi. Vibadala vyenye madhara katika jeni kama BRCA2, ATM na PALB2 vilipatikana kwa asilimia 3.6 ya wagonjwa na asilimia 2.1 ya wasio wagonjwa. Hapa kipimo kina matumizi ya moja kwa moja: mgonjwa mwenye kibadala cha BRCA2 aliyefikia hatua ya kuenea kwa saratani anaweza kunufaika na dawa za kundi la olaparib, iliyoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 2020. Wizara inayotafuta mahali pa kuanzia na vipimo vya jeni ingeanza hapa, kwa wagonjwa ambao tayari wako wodini, kabla ya kufikiria mamilioni walio wazima. Bei ya dawa hizo ni mjadala mwingine, na bila kuujibu kipimo kitakuwa cha kumjulisha mgonjwa kitu asichoweza kukitumia.

6. Asili ya Kiafrika ni ipi?

Kutokana na orodha ya vibadala 269, watafiti wa 2021 walikadiria kwamba wastani wa alama ya hatari ya kijeni kwa wanaume wa asili ya Kiafrika ni mara 2.18 ya ule wa wanaume wa asili ya Ulaya. Namba hii imekwisha kuanza kuonekana katika mawasilisho ya sera, ikiwa imevuliwa masharti yake yote. Masharti hayo ndiyo habari yenyewe. Vibadala vingi vilichaguliwa kwa sababu vilionekana kwa Wazungu, na wastani wa kundi haumwambii mtu mmoja lolote kuhusu nafasi yake ndani ya kundi. Zaidi ya hayo, neno Mwafrika katika hesabu hiyo limebeba, kwa sehemu kubwa, wajukuu wa watu waliosafirishwa kutoka pwani za Afrika ya Magharibi na Magharibi ya Kati.

Mfano mmoja unatosha. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba jeni ile ile HOXB13 ina kibadala kingine, X285K, kinachoongeza uwezekano wa ugonjwa zaidi ya mara mbili. Kilipatikana kwa wanaume wa asili ya Afrika Magharibi pekee. Kipimo kitakachouzwa Nairobi kwa jina la kipimo cha Waafrika huku kikisifiwa kwa kukijumuisha X285K kitakuwa kinamtafutia Mkenya kitu cha Mgambia. Mwaka 2024 utafiti uliowaunganisha wagonjwa 3,963 na wenzao 3,509 kutoka Ghana, Nigeria, Senegal, Afrika Kusini na Uganda ulithibitisha jambo hilo kwa upana: misingi ya kijeni ya ugonjwa huu hutofautiana kati ya sehemu na sehemu za bara. Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za kijeni kati ya watu kuliko bara lolote, na ukanda wetu peke yake una wazawa wa wasemaji wa Kibantu, Kinilo na Kikushi waliochanganyika kwa viwango visivyolingana. Sampuli ya Kampala haimwakilishi mwanamume wa Turkana. Haimwakilishi hata yule wa Karamoja, aliye ndani ya mipaka ile ile ya Uganda.

7. Kipimo kinachochunguza na jeni inayokipandisha

Kuna fundo jingine ambalo wanahistoria wa tiba wamelizungumza kidogo kuliko linavyostahili. Kipimo cha damu cha PSA kiliidhinishwa Marekani mwaka 1986 kwa kufuatilia wagonjwa, na mwaka 1994 kwa kusaidia kuwagundua. Idadi ya waliogunduliwa ilipaa katika miaka hiyo, wengi wao wakiwa na saratani ambayo isingewaua. Tafiti za vibadala zilipoanza, wagonjwa waliochukuliwa walikuwa, kwa sehemu kubwa, watu waliogunduliwa kwa PSA.

Protini ya PSA hutengenezwa na jeni KLK3 iliyo kwenye kromosomu ya 19. Mwaka 2008 kibadala karibu na jeni hiyo kilitangazwa kuwa cha hatari ya saratani. Wakosoaji wakauliza: je, kibadala hiki huleta saratani, au hupandisha PSA katika damu na hivyo kumfanya mbebaji wake apelekwe kuchunguzwa zaidi na kukutwa na saratani ambayo jirani yake anayo pia bila kujua? Katika utafiti huo wanaume wa kulinganisha walikuwa wamechaguliwa miongoni mwa wenye PSA ya chini sana, jambo lililozidisha shaka. Mjadala huo haukuwa wa kitaalamu tu. Ulionesha kwamba sehemu ya kile tunachokiita hatari ya kijeni inaweza kuwa kivuli cha mfumo wa afya unaopima. Nchini Uganda, ambako wengi hufika hospitali wakiwa na dalili na ugonjwa umekwisha kuenea, kivuli hicho ni kifupi zaidi, na ndiyo sababu moja ya kuithamini sampuli yake ndogo: wagonjwa wake ni wagonjwa kweli.

8. Fomu ya wodini

Utafiti wa BARCODE1 wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2025, ndio unaonukuliwa zaidi na wanaotetea uchunguzi wa awali kwa kutumia alama ya jeni. Wanaume 6,393 wa miaka 55 hadi 69 walipimwa mate. Wale 745 waliokuwa katika asilimia kumi ya juu ya hatari waliitwa kwa picha za MRI na kuchukuliwa vinyama vya tezi. 468 walikubali, na 187 kati yao, yaani asilimia 40, walikutwa na saratani. Ni matokeo mazuri kwa watu waliochunguzwa, na hao walikuwa wenye asili ya Ulaya pekee. Kila hatua ilihitaji kitu: anwani ya kumfikia mtu, mashine ya MRI, mpatholojia, na hospitali ya kumtibu aliyekutwa mgonjwa. Mate yalikuwa sehemu rahisi kuliko zote.

Kwa maoni yangu, serikali za ukanda huu zisinunue alama ya hatari iliyojengwa kwingine hadi itakapopimwa kwa wanaume wao na madaftari yao. Kuipima kwenyewe kunahitaji madaftari yanayoishi zaidi ya muhula wa mradi, na maabara za nyumbani, kwa kuwa hadi sasa sampuli huchukuliwa Mulago na uchambuzi kufanyika California. Wakati hayo yakingojewa, kuna chombo kimoja cha urithi ambacho hakihitaji maabara, nacho ni kuuliza historia ya familia. Hapa ndipo lile swali la Baltimore linaporudi.

Fomu nyingi huuliza kwa Kiswahili: je, baba au ndugu yako amewahi kuugua saratani ya tezi dume? Uwezekano maradufu uliopatikana mwaka 1990 unamhusu baba aliyemzaa mtu na ndugu waliochangia naye wazazi wote wawili. Lakini kwa mzungumzaji wa Kiswahili baba ni pamoja na baba mkubwa na baba mdogo, na ndugu anaweza kuwa binamu, mtu wa ukoo mmoja au wa kijiji kimoja. Watoto wa mitala ni ndugu kamili kwa heshima ya nyumba, ila kijeni wanachangia robo tu, si nusu. Mgonjwa hujibu kweli, na karani huandika ndiyo, na takwimu inaharibika bila yeyote kusema uongo. Upande wa mama husahaulika kabisa, ingawa BRCA2 hupita kwa mama kama inavyopita kwa baba, na shangazi au mama mdogo aliyekufa kwa saratani ya matiti ni habari ambayo daktari wa tezi dume anaihitaji.

Fomu inayofaa ingeuliza kuhusu baba mzazi, kisha ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, kisha wa baba mmoja tu na wa mama mmoja tu, kisha wajomba na ba'mkubwa na ba'mdogo kila kundi kwa safu yake, kisha wanawake wa pande zote mbili, na kwa kila mmoja umri alipoanza kuugua, hata kama utakadiriwa kwa tukio linalokumbukwa. Kwa kuwa wengi walikufa bila kupimwa, iulize pia nani alikufa akiwa na maumivu ya mgongo na kuziba kwa mkojo. Ukurasa mmoja unatosha, na Kiswahili kina maneno yote unaoyahitaji.